Wanane wa Leicester

Bendi ya Showaddywaddy ilizaliwa mwaka 1973 katika Leicester, mji wa viwanda vya soksi na viatu katikati ya Uingereza. Mwaka mmoja kabla, halmashauri ya mji huo ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin wasiende huko. Walikwenda kwa maelfu, na Kigujarati chao na Kiswahili chao. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Baa ya Fosse Way ya Leicester ilikuwa na bendi mbili, Choise na Golden Hammers. Zilizoea kupiga pamoja, mwishowe zikaungana na kuwa Showaddywaddy. Bendi zikiungana kwa kawaida kuna wanaotupwa nje. Hapa hakutupwa mtu. Dave Bartram na Buddy Gask waliimba, Trevor Oakes na Russ Field walishika magitaa, Rod Deas na Al James wakapiga besi, wote wawili, na nyuma zikapangwa dramu seti mbili, moja ya Malcolm Allured, nyingine ya Romeo Challenger. Huyo Romeo, mzaliwa wa Antigua, alitoka Black Widow, bendi ya humo humo mjini iliyojulikana kwa nyimbo za uchawi. Hesabu ya mishahara ilikuwa mbaya, lakini kwa macho ya mtazamaji wa televisheni ilikuwa raha tupu.

Na ni televisheni iliyowatoa. Waling'ara katika New Faces, shindano la vipaji, wakasainiwa na kampuni ya Bell. Zama hizo wanamuziki wa Uingereza walijipaka vimetameta na kupanda raizoni, huku bugaluu zikifagia jukwaa. Wanane hawa walirudi nyuma miaka ishirini, kwenye mavazi ya Teddy Boys, vijana wa enzi hizo: koti refu la kukaribia magoti, ukosi wa mahameli, suruali iliyobana miguu, tai nyembamba kama kamba ya kiatu, soli nene za mpira. Ila Teddy Boy wa kweli alipenda rangi nzito. Wao walishona koti za waridi, kijani, manjano na buluu, kila mtu na yake. Ulikuwa ujanja: nguo za baba, rangi za mwana.

Kibao chao cha kwanza, "Hey Rock and Roll", walikitunga wenyewe, kikafika namba 2 kwenye chati za Uingereza mwaka 1974. Nyimbo zao nyingine hazikupanda hivyo, ndipo wakageukia zilipendwa. Mwaka 1975 waliimba upya "Three Steps to Heaven" ya Eddie Cochran, Mmarekani aliyekufa Aprili 1960 akiwa na miaka 21, baada ya teksi yake kupata ajali Chippenham. Namba 2 tena. Mwisho wa 1976 "Under the Moon of Love", wimbo wa Curtis Lee wa 1961, ulikaa namba 1 kwa wiki tatu. Baada ya hapo wakawa wavunaji wa nyimbo za wengine: Kalin Twins, Dion, Chubby Checker, kila shamba walipita.

Wakosoaji waliwaita wadandiaji. Mimi naona walitenda haki zaidi kuliko wengi, maana hawakujifanya wagunduzi, na mtoto wa 1976 asingemjua Curtis Lee kwa njia nyingine. Kosa lao ni kuacha kutunga mapema mno.

Vibao kumi viliingia kumi bora. Mwaka 1982 chati ziliwafungia mlango, wakabaki na kumbi. Allured na Field waliondoka katikati ya miaka ya 80. Gask alifariki 2011, na mwishoni mwa mwaka huo Bartram naye aliaga jukwaa. Deas na Romeo waliendelea na vijana wapya, dramu sasa zikiwa seti moja.