Kimbunga cha 1872: Kutoka Simbamwene hadi Mdomo wa Ruvu

Mwishoni mwa Aprili 1872 Henry Morton Stanley alikuwa njiani kurudi pwani kutoka Unyanyembe. Alikuwa ameagana na Livingstone tarehe 14 Machi, na sasa alikimbilia Bagamoyo na habari kubwa kuliko zote za mwaka ule. Masika ilikuwa imeshika kwelikweli. Mbuga ya Mkata ilikuwa ziwa, wapagazi wakivuka na mizigo kichwani na maji yakiwafika kifuani. Kitabu chake, How I Found Livingstone, watu hukisoma kwa ajili ya Ujiji, alikomkuta Livingstone. Mimi hukifungua karibu na mwisho, penye kurasa chache zisizomhusu Livingstone hata kidogo, kwa sababu humo Stanley aliacha ushahidi ambao hakujua anauacha.

Alipokaribia Simbamwene, ngome ya Kisabengo palipo Morogoro ya leo, alikuta ukuta wa mji umebomolewa na maji ya Mto Ngerengere, aliouandika Ungerengeri. Makumi ya nyumba yalikuwa yamezolewa, na binti wa Kisabengo, aliyerithi utawala, alikuwa amekimbia. Anaeleza kwamba Kisabengo mwenyewe, enzi za uhai wake, alichimba mfereji mrefu kuuleta mkono wa mto karibu na mji, na akajivunia kazi hiyo. Mfereji ule ndio uliofungulia maji njia. Mafuriko yalipotulia, mto ulikuwa umejichimbia mkondo mpya. Kando ya bonde miti mingi ilikuwa imelala chini, yote ikielekea upande mmoja kana kwamba mtu mmoja ameisukuma. Mbele zaidi, kwa diwani wa mahali alipopaita Mussoudi, aliambiwa kuwa vijiji vipatavyo mia moja vimekwenda na maji usiku mmoja, watu wakiwa wamelala.

Stanley aliihusisha miti iliyolala na tufani. Alipofika Bagamoyo tarehe 6 Mei na kuvuka Unguja kesho yake, akaona ni tufani gani. Tarehe 15 Aprili kimbunga kilikuwa kimeipiga Unguja, na mji ulikuwa bado unaokota vipande vyake.

Kimbunga katika latitudo ile ni jambo la nadra. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, na huko msokoto unaotokana na kuzunguka kwa dunia, ule unaoufanya upepo ujikunje kuwa kimbunga, ni dhaifu mno. Vimbunga vya Bahari ya Hindi hupenda kushuka kuelekea Madagaska, Msumbiji na visiwa vya Mascarene. Vichache vilivyotufikia vimekuja mwishoni mwa msimu, Aprili na Mei, kaskazi ikiwa imekwisha na kusi inaingia. Kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilitua tarehe ileile, 15 Aprili, miaka 80 baadaye. Kenneth ilitua kaskazini mwa Msumbiji tarehe 25 Aprili 2019. Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024.

Hasara za 1872 tunazijua vizuri, kwa kuwa zilikuwa na wenyewe. Manowari za Sultani Barghash wa Unguja zilizama au zilitupwa ufukweni. Majahazi yaliyokuwa bandarini yalivunjikavunjika. Baadaye Barghash aliagiza Uingereza meli mpya, Glasgow, na hiyo nayo mizinga ya Waingereza ikaja kuizamisha tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika hata saa moja. Bagamoyo, majengo ya misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa 1868, yalibomoka. Minazi iling'oka. Mikarafuu ya Unguja, sehemu kubwa kabisa ya mashamba, ililala chini.

Pemba iliponea. Mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo bei ilipanda na wenye mashamba wakahamishia nguvu Pemba, ambako watumwa ndio waliofyeka msitu na kupanda miche. Tangu hapo Pemba imeendelea kutoa karafuu nyingi kuliko Unguja. Kisiwa kizima kilibadilishiwa misitu yake na upepo wa siku moja, uliopita mahali pengine. Hayo nayo ni athari ya kimbunga kwa mazingira ya pwani, na wanahistoria wa uchumi wameyaeleza vizuri kuliko wanabiolojia.

Ila katika maandishi yote ya wakati ule, ya makonsuli, wamisionari na wafanyabiashara, mikoko haina mhesabu. Wala matumbawe, wala nyasi za baharini, wala chaza. Hapo ndipo zile kurasa za Stanley zinapokuwa na thamani, kwa sababu njia yake ilikuwa pia njia ya maji. Ngerengere huingia Ruvu, aliouita Kingani, na Ruvu humwaga baharini kaskazini kidogo ya Bagamoyo. Kila kilichotoka katika ukuta wa Simbamwene na katika mabonde ya Uluguru kilikuwa safarini kuelekea mikokoni, nyuma yake au mbele yake. Leo karibu na Morogoro lipo Bwawa la Mindu, lililojengwa kuyashika maji ya Ngerengere huohuo. Huko chini Ruvu imewekewa mitambo ya kuinywesha Dar es Salaam. Kwenye mdomo, mto umetandaza matope yake kati ya mikoko kama ulivyofanya siku zote.

Kinachotokea hapo baada ya kimbunga tunaweza kukieleza, kwani kimeonekana kwingine. Upepo ndio hupiga wa kwanza: majani hupukutika na matawi huvunjika. Mchu, mmoja wa miti ya mikokoni, ukivunjika huchipua tena kutoka shinani, hata ukikatwa. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama matao, hauna uwezo huo kwenye mti mzima. Tawi kuu likishakufa, ndiyo basi. Kwa hiyo dhoruba moja yaweza kuugeuza msitu wa mikoko kuwa wa michu bila mtu kushika shoka. Majani yaliyoanguka huoza kwenye maji yaliyotuama, uozo hula oksijeni, na samaki huelea.

Lakini upepo hupita. Jeraha la pili huja siku au wiki baadaye, kutoka bara, nalo ni udongo. Mikoko huishi kwenye tope lisilo na hewa kwa kupumua kupitia vinyweleo vya mizizi iliyo juu ya ardhi. Mchu una vijiti vyake vilivyosimama kama misumari, mkoko una matao. Tope jipya likiyafunika hayo, mti hufa umesimama, polepole, huku majani yakigeuka manjano miezi kadhaa baada ya watu kusahau mvua. Mombasa walishuhudia hayo katika Hori la Mwache baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Hapakuwa na kimbunga hata kidogo, lakini mashamba ya milimani yalishuka na mto na eneo kubwa la mikoko likakauka.

Tope hilohilo likija kwa kiasi ndilo linaloijenga delta. Mikoko isiyopata udongo mpya huzidiwa na bahari inayopanda. Kaole, kilomita chache kusini ya Bagamoyo, magofu ya bandari ya kale leo yametenganishwa na maji na ukanda wa mikoko iliyoota juu ya matope. Bandari ilikufa, msitu ukapata makazi. Siwezi kusema kimbunga kimeharibu au kimejenga kabla sijauliza tope lilikuwa na kina gani na lilikaa muda gani.

Maji baridi nayo yana hesabu yake. Chaza wanaokaa kwenye mizizi hawawezi kukimbia, chumvi ikishuka kwa wiki nyingi hufa. Nyasi za baharini hukosa mwanga chini ya maji ya kahawia. Matumbawe ya matawi huvunjwa na mawimbi kwanza, yale ya mviringo huvumilia, ila tope likiyafunika halichagui. Kamba kwa upande wao huweza kufaidika: vichanga hukulia mikokoni, na maji ya mto huwasukuma kwenda nje. Katika Benki ya Sofala, Msumbiji, imeonekana kwa muda mrefu kuwa mavuno ya kamba huongezeka baada ya msimu ambao Zambezi imeleta maji mengi.

Na mto ukihama? Ngerengere uliangusha mji ukahama. Rufiji, yenye msitu mkubwa kabisa wa mikoko Afrika Mashariki, takriban hekta 50,000, ilibadilisha mkondo wake mkuu baada ya mafuriko ya 1978 ukaelekea matawi ya kaskazini mwa delta. Maji ya upande ule yakapungua chumvi kiasi cha kulima mpunga, na wakulima wakafyeka mikoko wakapanda. Aliyeitazama picha ya satelaiti bila kujua habari ya mto angewalaumu wao peke yao.

Siku hizi baada ya dhoruba huja watu na miche, na hilo ni zuri. Karibu kila mara mche ni wa mkoko, kwa sababu mbegu yake ndefu unaichomeka tu kwenye tope, hauhitaji kitalu. Huchomekwa hata mstari wa mbele, unaopigwa na bahari, ambako kwa kawaida husimama miti mingine ya mikokoni, mlilana na mchu, na mawimbi ya kusi huing'oa miche hiyo. Pale tope la mafuriko lilipokuwa jembamba na maji ya bamvua bado yanafika, mbegu huletwa na maji yenyewe kutoka miti iliyobaki. Pale lilipokuwa nene, kazi ya kwanza ni kufungua vijito vilivyozibwa ili maji yapande na kushuka, na kazi hiyo hufanywa kwa jembe.