Brashi Iliyomvua Kimathi Pingu

Oktoba 21, 1956, kando ya msitu wa Nyandarua huko Tetu, Nyeri, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya ukoloni, alipigwa risasi ya mguu na kukamatwa. Kabla hajafikishwa kortini alikuwa ameshapigwa picha: amelazwa, rasta zimetawanyika, mikono ina pingu. Serikali ya kikoloni ikachapisha maelfu ya vikaratasi vyenye taswira ya kukamatwa kwake, ili waliobaki msituni, pamoja na waliowapelekea chakula, wakate tamaa.

Hesabu hiyo haikutoka. Picha za Kimathi ni chache, na ile ya pingu ndiyo iliyojulikana kuliko zote, kwa hiyo wachoraji wameanzia hapo. Fundi wa kupamba matatu au kuta za vinyozi huchukua uso ule ule na rasta zile zile, kisha humsimamisha mtu wake, humvua pingu na kumtia bunduki mkononi. Adui alitoa sura; brashi ikatoa cheo.

Rangi ilitumiwa na upande wa pili pia. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alichora maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wakikuyu waliouawa kwa kukataa kiapo cha Mau Mau. Yesu wake ni Mwafrika, na nyuma yake ni mandhari ya Murang'a. Milima ile ile, vita vile vile, mashujaa wengine.

Baada ya uhuru, uso uliotawala noti na kuta za maduka ulikuwa wa Jomo Kenyatta, rais wa kwanza. Mau Mau ilibaki chama haramu hadi 2003, Mwai Kibaki wa Othaya alipokuwa rais. Kibaki ndiye aliyezindua sanamu ya Kimathi jijini Nairobi, Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe katika gereza la Kamiti. Sanamu hiyo, kazi ya Kevin Oduor, imesimama wima na ina bunduki. Serikali ilikuwa imemfuata mchoraji wa mtaani, ingawa kwa kuchelewa.

Hata hivyo, brashi imefuta jambo moja kubwa: kesi yenyewe. Kimathi alihukumiwa kifo mjini Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi wakati wa hali ya hatari. Kumbukumbu za kesi hiyo zilichapishwa kitabuni mwaka 2017. Nyeri ina kuta za kutosha. Ukuta mmoja unastahili kuchorwa mahakama ile, pingu zikiwemo.