Bibi Andersson

Bibi Andersson (jina la kuzaliwa: Berit Elisabet Andersson, Stockholm, 11 Novemba 1935 – Stockholm, 14 Aprili 2019) alikuwa mwigizaji wa filamu na tamthilia kutoka Uswidi, anayejulikana hasa kwa kazi zake na mwongozaji Ingmar Bergman.

Mwaka 1951, akiwa bado kijana, aliigiza katika tangazo la sabuni ya Bris lililoongozwa na Bergman. Baadaye alisomea uigizaji katika shule ya Dramaten, jumba la taifa la maonyesho mjini Stockholm. Mwaka 1957 alionekana katika filamu mbili za Bergman zilizopata sifa duniani, *Det sjunde inseglet* (Muhuri wa Saba) na *Smultronstället*. Mwaka 1958 alishiriki tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya tamasha la Cannes pamoja na waigizaji wenzake wa *Nära livet*. Mwaka 1963 alipata tuzo kama hiyo mjini Berlin kwa *Älskarinnan*, filamu ya Vilgot Sjöman.

Katika *Persona* (1966) aliigiza kama Alma, muuguzi anayemhudumia mwigizaji aliyeacha kusema, aliyeigizwa na Liv Ullmann wa Norwei. Kwa kuwa mgonjwa hukaa kimya, karibu mazungumzo yote ya filamu humwangukia Alma. Uigizaji huo, uliompatia tuzo ya Guldbagge ya Uswidi, huhesabiwa kuwa kilele cha kazi yake.

Kumbukumbu za maisha yake, *Ett ögonblick*, zilichapishwa mwaka 1996. Mwaka 2009 alipatwa na kiharusi kilichokomesha uigizaji wake.