Bustani za Ushindi: Nani Alibaki Hadi Mavuno?

Historia ya bustani za nyumbani nchini Marekani aghalabu husimuliwa kama historia ya umoja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali iliwahimiza wananchi walime mboga uani ili vyakula vya makopo viende kwa askari. Kufikia mwaka 1943 "bustani za ushindi", kama zilivyoitwa, zilikadiriwa kuwa milioni 20. Hata Ikulu ilikuwa na yake.

Hata hivyo, tukichunguza majira ya kuchipua ya 1942, yaani Machi hadi Mei, baridi inapokwisha na mbegu kupandwa, tunakuta upande mwingine. Tarehe 19 Februari mwaka huo, Rais Franklin Roosevelt alitia saini Amri Namba 9066, iliyotumiwa kuwahamisha kwa nguvu watu wenye asili ya Kijapani waliokuwa wakiishi Pwani ya Magharibi. Wengi walikuwa wakulima hodari wa mboga na stroberi. Katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, watu 227 waliondolewa tarehe 30 Machi, stroberi zikiwa bado hazijaiva. Baadhi ya mashamba yao yalitunzwa na vibarua Wafilipino.

Walipelekwa kambi ya Manzanar, California. Huko jangwani, wafungwa walilima mboga kando ya mabweni yao. Bustani hizo nazo ziliitwa za ushindi.

Serikali iliomba radhi mwaka 1988. Kwa maoni yetu, wingi wa mavuno hautoshi kueleza historia ya bustani. Hatuna budi kuuliza pia ni nani aliyeruhusiwa kuvuna alichopanda.