Shokapu

Shokapu (pia: shokomzoba au kizuia mshtuko) ni kifaa cha gari kinachotuliza mchezo wa springi baada ya gurudumu kupita kwenye shimo, jiwe au tuta. Pikapu ya kawaida ina shokapu nne, yaani mbili mbele na mbili nyuma.

Umuhimu wa kifaa hiki huonekana zaidi katika barabara za milimani. Nchini Tanzania mfano ni njia zinazopanda kutoka tambarare ya Mwanga hadi maeneo ya Milima ya Upare kama vile Ngujini, Kilomeni na Usangi. Pikapu yenye mzigo ikishuka mteremko wenye kona, gurudumu linalorukaruka haligusi ardhi wakati wote, na gurudumu lisilogusa ardhi haliwezi kushika breki wala kufuata usukani.

Kazi yake

Mara nyingi watu hudhani kwamba shokapu ndiyo inayobeba uzito wa gari. Uzito hubebwa na springi. Springi ikikandamizwa huhifadhi nguvu, kisha hufyatuka na kuendelea kupanda na kushuka. Shokapu huikatiza hali hiyo kwa kugeuza nguvu ya mwendo kuwa joto. Ndiyo sababu shokapu huwa ya moto baada ya safari ndefu kwenye barabara mbovu.

Kwa hiyo pikapu iliyolala nyuma kwa sababu ya mzigo haitainuka kwa kufungwa shokapu mpya. Inahitaji kukaguliwa springi zake, au kupunguziwa mzigo.

Historia

Magari ya kwanza yalitumia springi za vyuma bapa kama zile za magari ya kukokotwa na farasi. Msuguano kati ya vyuma hivyo ulitosha kutuliza mtikisiko katika mwendo mdogo. Mwendo ulipoongezeka, vifaa maalumu vilihitajika. Mfaransa Maurice Houdaille alipata hataza za shokapu ya mafuta miaka ya 1908 na 1909, na shokapu za aina yake zilifungwa baadaye katika gari la Ford Model A. Shokapu ya umbo la bomba inayotumika leo ilienea zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Muundo

Shokapu ina bomba lililojaa mafuta, na ndani yake pistoni iliyoshikamana na fimbo ya chuma. Pistoni ina matundu madogo yenye vali. Gurudumu linapopanda au kushuka, mafuta hulazimika kupita katika matundu hayo, na ugumu wa kupita ndio unaopunguza mwendo. Kwa kawaida ukinzani ni mkubwa zaidi shokapu inapovutwa kuliko inapokandamizwa.

Baadhi ya shokapu huwa na gesi ya nitrojeni yenye shinikizo. Katika barabara ya changarawe yenye mikunjo kama bati, pistoni hupanda na kushuka haraka mno, mafuta hupata joto na kutoa povu, na shokapu hupoteza nguvu kwa muda. Gesi hupunguza povu hilo.

Nyuma ya pikapu nyingi, kama Toyota Hilux na Land Cruiser, kuna springi za vyuma bapa na shokapu iliyosimama peke yake. Mbele, aina nyingi za miaka ya karibuni zina springi ya mviringo, na katika baadhi yake springi hiyo huizunguka shokapu yenyewe.

Dalili za kuchakaa

* Mafuta kulowanisha bomba na kushika vumbi.
* Gari kuendelea kudundadunda baada ya kuvuka tuta.
* Pua ya gari kuinama sana wakati wa kufunga breki.
* Tairi kulika kwa mabaka-mabaka.
* Bushi za mpira kupasuka na kugonga.

Njia ya kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuachia hufaa kwa gari dogo. Springi za nyuma za pikapu ni ngumu, hivyo ni bora kutegemea ukaguzi wa macho na mwenendo wa gari barabarani.

Kubadilisha shokapu za nyuma

Shokapu hubadilishwa kwa jozi katika ekseli moja, ili pande zote ziwe na ukinzani sawa.

1. Gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu. Magurudumu ya mbele huwekewa vigingi mbele na nyuma. Hatua hii haiachwi, kwa kuwa breki ya mkono ya pikapu nyingi hushika magurudumu ya nyuma tu, na hayo ndiyo yanayoinuliwa.
2. Nati za magurudumu hulegezwa kidogo kabla ya kuinua.
3. Gari huinuliwa kwa jeki na kuegemezwa juu ya stendi za chuma chini ya chasisi. Tofali halifai, kwani hupasuka ghafla.
4. Gurudumu hutolewa, na jeki nyingine huwekwa chini ya ekseli ili isishuke na kuvuta mpira wa breki. Upande mmoja humalizwa kabla ya kuanza wa pili.
5. Bolti husuguliwa kwa brashi ya waya, hutiwa mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa kwa muda.
6. Bolti ya chini hufunguliwa, kisha ya juu. Mpangilio wa washa na bushi huangaliwa ili urudiwe.
7. Shokapu mpya hulinganishwa na ya zamani kwa urefu na kwa sehemu za kufungia. Kisha husimamishwa wima na kuvutwa na kusukumwa mara kadhaa ili hewa itoke kwenye mafuta.
8. Shokapu hufungwa juu kwanza, halafu chini, bila kukazwa sana. Jeki ya ekseli huinuliwa au kushushwa mpaka tundu lilingane na bolti.
9. Gurudumu hurudishwa na gari hushushwa. Bolti za shokapu hukazwa kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, bushi hujipinda na kupasuka mapema.
10. Gari huendeshwa taratibu kwa majaribio, na bolti hukaguliwa tena baada ya siku chache.

Tahadhari

Mahali ambapo springi ya mviringo inaizunguka shokapu, springi huwa imebanwa kwa nguvu kubwa. Nati ya juu ikifunguliwa bila kifaa cha kubania springi, vipande hufyatuka na vinaweza kuua. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kifaa hicho.

Shokapu ya gesi haikatwi wala haichomwi moto, hata ikiwa imekufa. Kuiongezea mafuta shokapu inayovuja na kuichomelea upya hakurudishi vali zilizolika, na mwenye gari hudanganyika kwamba imepona.