Asili ya Wavu wa Wahandisi

Turner, Clough, Martin na Topp, wahandisi wa Marekani, walipobainisha mwaka 1956 ya kuwa ugumu wa bawa la ndege waweza kuhesabiwa kwa kuligawa katika wavu wa vipande vidogo, walifungua mlango wa elimu adhimu. Lakini mas'ala ya namna bora ya kukata vipande hivyo yalibaki. Kanuni ilikwisha kuwekwa mwaka 1934 na Boris Delaunay, mwanahisabati wa Urusi: tufe lipitalo katika ncha nne za kila kipande lisiwe na nukta nyingine ndani yake, nao Bowyer na Watson, kila mmoja peke yake, wakaifanya mwaka 1981 utaratibu wa kompyuta.

Walakini nukta nne zikikaa karibu na ikweta ya tufe hilo, huzaa kipande bapa kama kigae, chenye kingo za urefu wa kadiri ila hakina ujazo wa maana, nacho huifisidi hesabu. Taabu hiyo hudhihiri zaidi katika vyombo vidogo mno vya silikoni, ambavyo umbo lake, likitokana na mwigo wa kuchimbwa na kupakwa tabaka juu ya tabaka, hujaa vingazi na sehemu nyembamba. Hivyo yapasa kuusawazisha uso wa umbo hilo kwanza, ndipo kulijaza vipande ndani. Mhandisi audharauye wavu wake hupata jawabu lenye rangi za kupendeza, lisilo na ukweli.