Bandari ya Mtwara na Korosho Zetu

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu mtasoma mengi juu ya ghala, mizani na minada. Sisi tumepewa kuandika juu ya bandari ya Mtwara, mlango wa korosho zetu kutokea nchini, kwa kuwa habari zake za zamani ni za ajabu, nazo zagusa mfuko wa kila mkulima.

Kabla ya Mtwara palikuwa na Mikindani. Majahazi yalitia nanga huko kwa karne nyingi, na misafara ya bara ilishusha pembe za ndovu na, kwa masikitiko twasema, watumwa. David Livingstone alipita hapo 1866 alipoanza safari yake ya mwisho. Lakini maji ya Mikindani ni haba, na merikebu za moshi zilipozidi ukubwa, mji ule ukaachwa nyuma.

Bandari ya Mtwara haikujengwa kwa ajili ya korosho. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kula, na mwaka 1947 Serikali yao ikaanzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji njia ya kufika baharini. Ikachaguliwa Mtwara, ambako ghuba ina kina kirefu na imekingwa vizuri, ingawa mlango wake ni mwembamba. Reli ikatandikwa, gati likaanza kujengwa. Kumbe huko Kongwa udongo ulikauka mgumu kama saruji na kuvunja mashine, na Januari 1951 mpango ukaachwa, baada ya kupotea pauni milioni 36 hivi. Gati lenyewe lilikuwa halijakwisha! Lilifunguliwa 1954, laweza kupokea meli mbili kubwa pamoja, na karanga zilizokusudiwa hazipo. Reli nayo haikudumu. Mapema katika miaka ya 1960 ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Ni nani basi aliyeipa bandari ile kazi? Twasema bila majivuno kwamba ni mkulima mdogo. Mkorosho, mti ulioletwa na Wareno kutoka Brazil, huridhika na mchanga ambao mazao mengine huukataa, na wazee wetu wa Newala na Masasi waliupanda kwa jembe la mkono. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 hivi, nyingi zikiwa za kusini. Kisha watu wakahamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia, bei ikawa duni, na mavuno yakaanguka vibaya. Gati likapungukiwa na shehena tena.

Zamani zile masika yalipofika Rufiji haikuvukika, na bahari ndiyo iliyokuwa barabara yetu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003 tulishangilia, na ilitupasa. Lakini tangu hapo malori yaliweza kuchukua korosho hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na hapa ndipo penye jambo. Mnunuzi anayesimama mnadani hupiga hesabu kwa kurudi nyuma: huanza na bei ya India au Vietnam, akatoa nauli ya meli, akatoa ushuru, akatoa nauli ya lori, kinachobaki ndicho anachomtajia mkulima. Kila kilomita ya lori isiyo ya lazima hulipwa na aliyeokota korosho.

Gati jipya la mita 300, ambalo ujenzi wake ulianza 2017, limeongeza nafasi, na makaa ya mawe ya Ruvuma yameleta meli nyingine. Hata hivyo korosho husafirishwa kwa makontena, na kontena tupu sharti liletwe kwanza. Mwenye meli haleti makontena kwa kubahatisha. Ataka kujua mapema ni tani ngapi zitakuwa ghalani, na juma gani. Hesabu hizo zimo katika vitabu vya makatibu wa vyama vyetu vya msingi, nazo yafaa zifike bandarini kabla ya mnada wa kwanza.